Buni ya Kanisani

6 Oktoba, Kitui

Naanza kuandika leo kwa sababu leo nimepata kazi, na pia kwa sababu simu haina chaji na sina wa kumpigia kelele.

Kazi yenyewe ni hii. Jonah wa Machakos na marafiki zake wawili wana mashine ndogo za kukaangia kahawa, za kutosha kona ya duka. Hawataki kahawa ya mnada iliyochanganywa na ya kila mtu. Wanataka kujua imetoka mlima gani, kwa nani, na ilikaushwa vipi. Msimu huu wanataka tunda likaushwe zimazima na ganda lake, bila kumenywa wala kuoshwa, ili punje inyonye ule utamu. Mimi Kowsar ndiye nitakayeitafuta, niisimamie na kuifikisha kabla ya Krismasi.

Nyumbani hawanielewi. Ukoo wetu umeuza mbuzi tangu babu ahamie Mutomo, na mjomba Hamud bado ananiuliza kama kahawa ina kwato. Ni nyanya Fartun peke yake aliyefurahi. "Tunda zima na ganda lake? Hiyo si ndiyo buni!" akasema. "Hiyo ndiyo kahawa. Hayo mengine ni maji meusi." Nimelipenda neno hilo. Nitalitumia.

9 Oktoba, Kilungu

Nimefika kwa Nzilani, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wenye kahawa kwenye mteremko wa chini ya Nunguni. Ana sauti ya kuongoza kwaya na anavunja kuni kwa goti. Aliwaita wenzake, tukakaa uani, nikasimama na kusema maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima: "Mimi nanunua buni. Nataka buni nzuri, nyingi kadiri mtakavyoweza, na bei yangu itakuwa juu ya ile ya factory ya ushirika."

Wakatazamana. Nilidhani ni furaha.

Mume wake, Kyule, ni mzee wa kanisa la pale jirani. Alikuwa amekaa mlangoni akinisikiliza na uso uliofungwa kama duka la Jumapili. Nilipomaliza akasema, "Mimi sina maneno mingi. Hii kahawa imetusumbua miaka na miaka. Nimempea mama msimu moja. Ikienda vibaya, Januari nang'oa yote napanda avokado." Akanyoosha kidole nyuma ya jiko. Miche ya avokado ipo pale tayari, imepangwa mistari kama wanafunzi.

Nzilani alinichukua tukaenda peke yetu shambani. Kisha akashika tawi moja na kuniambia, "Mwiitu wakwa, binti yangu, hapa kwetu ng'ombe ni ya mzee, kuku ni ya watoto. Hii miti nilipewa na mama mkwe nikiwa bibi arusi. Hii tu ndio yangu."

Nikamwahidi kwamba hakuna hata mti mmoja utakaong'olewa. Sijui ujasiri huo niliutoa wapi. Kyule nimeshamchukia.

12 Oktoba

Nimerudi Kitui. Nimenunua nyavu za kuanikia. Muuza nyavu aliniuliza nafuga samaki wapi.

21 Oktoba, Kilungu

Nataka kucheka na nataka kulia, kwa hiyo nitaandika tu.

Nilifika asubuhi nikakuta magunia yamepangwa uani kwa Nzilani, na akina mama wamevaa leso safi kana kwamba ni sherehe. Nikafungua gunia la kwanza. Ndani kulikuwa na vitu vyeusi vilivyosinyaa, vijiti, udongo, unyoya wa kuku na kifungo cha shati. Nikafungua la pili. Mambo ni yale yale. Damu ikanipanda.

"Nani aliwaambia mniletee takataka?"

"Ni wewe," akasema Mbula, ambaye ndiye mkubwa wao kwa umri na haogopi mtu.

"Mimi?"

"Si ulisimama hapo ukasema unataka mbuni? Mbuni ndio hii. Ile inaanguka chini, ile inakaukia kwa mti, ile factory inakataa. Tumefagia mashamba yote, hata ya majirani."

"Na ile nyekundu? Ile iliyoiva vizuri?"

"Hiyo tumepeleka factory leo asubuhi," akasema Nzilani. "Hatukutaka ichanganyike na yako."

Basi hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu buni ni kahawa yenye heshima. Huku mbuni ni ile ambayo hata mwizi haibebi. Na wao walinihurumia! Mbula alinieleza waziwazi: "Tulikuombea kanisani. Tukasema huyu msichana amepotea kidogo, lakini ako na roho safi, tumtafutie mbuni."

Kyule alicheka mpaka akashika ukuta. "Mimi nilijua ni ya kulisha mbuzi huko Mutomo," akasema, akifuta machozi. Ni mara ya kwanza kumwona akicheka, na nilitamani kumrushia gunia.

Mchumo wa kwanza umekwenda. Umebaki ule mkubwa wa mwisho wa mwezi. Nilimwona Nzilani akiitazama miche ya avokado inayosubiri Januari.

22 Oktoba

Nimenuna siku nzima.

25 Oktoba, Kilungu

Nilikwenda Mutomo kumlalamikia nyanya. Badala ya kunipa pole, alinipa mkebe wake wa buni, chupa ya samli na amri. "Maneno yako hayakuwafaa. Wakaangie."

Kwa hiyo leo nimepika jikoni kwa Nzilani. Niliwagawia kila mmoja buni kavu, nikawaonyesha jinsi ya kung'ata ncha ya kila tunda ili samli iingie na lisipasuke. Walidhani nawatania. Kisha nikazimwaga kwenye sufuria ya samli moto, harufu ikajaa nyumba, na majirani wawili wakaja kuuliza kuna mgeni gani. Nikawaambia, "Mgeni ni nyinyi. Kwetu mgeni wa maana akija, anawekewa hii. Anatafuna, halafu samli inayobaki anajipaka mikononi na kichwani. Ndiyo maana ganda halitolewi. Utamu wote unapita hapo."

Wakatafuna. Nzilani akafumba macho. "Kumbe hii ni kitu ya kuwekea mtu," akasema, na papo hapo nikajua ameelewa kuliko nilivyoelewa mimi mwenyewe. Mbula akajipaka samli mashavuni mpaka yakang'aa, akauliza kama inaondoa mikunjo.

Kyule alijipaka viganjani kwa uangalifu sana, akavinusa. "Sasa kesho kanisani watasema wazee wamekuwa karanga." Alikula zaidi ya wote. Niliona.

Tumekubaliana. Kuanzia sasa ni zile nyekundu tu, zilizoiva hadi ndani, na hakuna inayokwenda factory. Ni hapo ninapoogopa. Zikiharibika, hawana pa kuzipeleka.

30 Oktoba

Tumechuma tangu Jumatatu. Vitanda vya kuanikia vimejaa uani kwa Nzilani, nyavu juu ya fito, matunda yamelala juu yake mekundu. Kugeuza, kugeuza, kugeuza. Nikifumba macho naona mekundu tu.

4 Novemba

Jua.

5 Novemba

Jua. Kyule amepita akasema, "Hiyo kitu yako inanuka." Nikamwambia ni utamu.

7 Novemba

Jua. Nimeanza kuringa. Nimemtumia Jonah picha tisa.

10 Novemba

Mawingu upande wa mji wa Wote. Nimejifanya sijayaona.

11 Novemba

Mvua imenyesha Mutomo. Nyanya alinipigia simu kwa furaha hata akasahau kunisalimia. Mbuzi watakula, mabwawa yatajaa, Mungu ashukuriwe. Nikashukuru, nikakata simu, nikaangalia juu.

12 Novemba

Kuna tatizo ambalo sikulifikiria. Ukambani hakuna mtu anayethubutu kuomba mvua isimame. Watu wameililia. Dada yake Nzilani amepiga simu kutoka Kathonzweni akisema wanaimba barabarani na mbaazi zimeinua vichwa. Kanisani wamekuwa wakifunga na kuomba tangu Septemba. Nikimwambia mtu hapa kwamba sitaki mvua, nitarudi Kitui kwa miguu.

Kwa hiyo leo kwenye sala nimeomba kwa busara. Nimesema, ee Mwenyezi Mungu, wanyeshee Mutomo, wanyeshee Kathonzweni, na hapa Kilungu ipitishe kwa haraka.

13 Novemba

Haikupitishwa.

Ilianza saa sita mchana bila adabu, matone makubwa, halafu maji tu. Tulikuwa tumeandaa karatasi za nailoni, tukafunika vitanda vyote, na kwa nusu saa nilijiona hodari. Kisha nikatia mkono chini ya nailoni. Kulikuwa na joto la sufuria. Matunda yalikuwa yanatoa jasho, yameanza kuteleza, na harufu ilikuwa imegeuka. Tukifunua, mvua inaingia. Tukifunika, yanaiva kama uji. Kwenye kitanda cha mwisho, cha chini karibu na mfereji, niliona utando mweupe. Ukungu.

Nilimfokea Mbula. Nilimfokea Nzilani, ambaye alikuwa amelowa mpaka mifupani ameshika nguzo isianguke. Nilimfokea Jonah ambaye hata hayupo. Halafu nikamwona Kyule amesimama chini ya paa la jiko, mikono nyuma, anatutazama, na miche yake ya avokado inakunywa mvua pembeni yake kwa raha zake. Ndipo nikasema neno ambalo mtu hamwambii mzee wa watu katika boma lake.

"Sasa umefurahi, Mzee?"

Nzilani aligeuka kunitazama. Kyule aliinua kola ya koti, akatoka kwenye mvua, akapotea kwenye njia ya migombani. Nikajisemea, basi, mwenye boma naye ameondoka. Nilikaa kwenye ndoo nikalia, na sikujificha.

Alirudi kabla sijamaliza. Alikuwa na ufunguo mkononi, ufunguo mkubwa wenye kamba nyekundu.

"Mama, shika hiyo upande," akamwambia Nzilani, akiinua wavu wa kitanda cha kwanza na kahawa yake yote. "Kanisa haina mtu mpaka Jumapili."

Mbula ndiye aliyeuliza. "Mzee, umeuliza pastor?"

"Nitamuuliza kesho. Leo ako Wote."

Kanisa liko kando ya shamba lao, la mabati, sakafu ya saruji, madirisha pande zote mbili na upepo unaopita kati. Tulisukuma baadhi ya mabenchi ukutani. Tukabeba wavu baada ya wavu, watu wanne wanne, tukiteleza kwenye matope, Mbula akiimba ili tuende pamoja. Tulizitandaza nyavu juu ya mabenchi mengine, yaliyogeuzwa miguu juu. Nyingine zikakaa mbele kabisa, chini ya mimbari. Nilisita mlangoni, nikavua viatu kwa mazoea ya msikitini. Kyule aliniona. "Hapa huwa hatuvui," akasema. Halafu akaiangalia miguu yake yenye matope na sakafu iliyooshwa, akavua na yeye.

Nilimwomba msamaha palepale. Akasema, "Geuza kahawa."

Kitanda cha mfereji tumekitupa chote. Kilikuwa cha Mbula. Hakulalamika, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

15 Novemba

Mvua. Kahawa inapumua. Kanisa linanuka ndizi iliyoiva kupita kiasi.

16 Novemba, Jumapili

Si ndizi tena. Linanuka pombe.

Sijui nieleze vipi. Hili ni kanisa ambalo mtu aliyeonja pombe ya harusi husimamishwa mbele. Na leo asubuhi waumini wameingia wamevaa suti na kofia, wakakaribishwa na harufu ya kilabu. Watoto walikuwa wanacheka. Akina mama wa kwaya walitafuta mahali pa kusimama kati ya vitanda. Mimi nilikuwa nyuma na ushungi wangu, nageuza matunda taratibu, maana kahawa haijui Jumapili, na bibi mmoja akanipa kitabu cha nyimbo ili nisijihisi mgeni.

Mchungaji Nthiwa alisimama, akavuta pumzi, akajuta kuivuta. "Ndugu zangu," akasema, "kabla hatujaomba, nataka kila mtu ajue hiyo harufu si yangu."

Kanisa likalipuka kwa kicheko. Lakini si wote. Kulikuwa na wazee wawili mbele ambao hawakucheka hata kidogo, na mmoja akasimama kuuliza nyumba ya Mungu imekuwa ghala tangu lini.

Kyule akainuka. Nilishika benchi.

"Ni kahawa ya mama watoto," akasema. "Si yangu, ni yake. Mvua ingeiua. Kama ni dhambi, ni ya yule alifungua mlango, na ni mimi."

Akakaa. Nzilani alikuwa kwenye kwaya, safu ya pili. Aliangalia juu kwenye mabati muda mrefu, akipepesa macho. Miaka yote ya ndoa, aliniambia baadaye, hajawahi kumsikia akisema "yake" mbele ya watu.

Mchungaji akasema kwamba waliomba mvua na Mungu akaleta mvua, na haiwezekani jibu la maombi liue kazi ya mama mmoja aliyeomba pamoja nao. Akashukuru kwa mvua, akaibariki kahawa, na akaomba ikauke haraka. Nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote, maana amina ni yetu sote.

19 Novemba

Mvua bado, lakini nyepesi. Nimegeuza kahawa na Kyule mchana kutwa, yeye upande wa wanaume na mimi upande wa wanawake, kama tumepangwa. Nilimuuliza kwa nini anaichukia kahawa.

"Umeona vile mama hutembea asubuhi?" akaniuliza. "Ameinama hivi, mpaka chai ya pili ndio ananyooka. Ni magunia hiyo. Factory iko juu, sisi tuko chini. Anabeba kwa mgongo, anapanga laini mpaka jioni. Watu wa avokado wanakuja na lori mpaka kwa gate." Akageuza kwa muda. "Mimi sichukii kahawa. Nachukia hiyo mlima."

"Na kwa nini hukumwambia hivyo?"

"Nilimwambia avokado."

Nimelifikiria hilo jibu jioni nzima. Kumbe wawili hawa wamekuwa wakigombana kwa kupendana, na mimi mjuaji nilikuwa nimeshamhukumu mmoja wao.

24 Novemba

JUA. Tumetoa kila kitu nje tukiimba. Mchungaji ametusaidia kubeba, nadhani kwa sababu zake.

29 Novemba

Matunda yamekuwa meusi na mepesi. Ukitikisa kiganja yanalia ndani ya maganda. Nimemwambia Nzilani buni yake iko tayari. Mbula amesema wao sasa wanaiita "buni", na mbuni ni mbuni. Ati tofauti inasikika.

3 Desemba

Mjomba Hamud amekubali kutubebea kwa pikapu yake ya mbuzi. Nimemfanya aioshe mara mbili. Bado inanuka mbuzi. Nimemwambia kahawa hunyonya kila harufu. Akasema basi itakuwa na ladha ya nyumbani. Ameiosha tena huku akinilaani kwa upole.

9 Desemba, Machakos

Nimekaa kwenye gari nje ya duka la Jonah, naandika kabla sijasahau.

Kahawa ilikobolewa wiki iliyopita. Leo Jonah alikaanga kidogo ya kila gunia, akasaga, akapanga vikombe mezani, akaita rafiki zake wawili. Mimi nikasimama kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Jonah ni kijana mpole wa ndevu chache, lakini akionja kahawa anavuta kijiko kwa kelele ya kutisha. Alipita kikombe cha kwanza. Akapita cha pili, cha tatu. Kwenye cha nne akakunja uso. "Hii hapana. Hii ina mvua ndani." Gunia hilo lilitoka kwenye kitanda kilichokuwa jirani na kile cha mfereji. Sikubisha.

Kisha akarudi kwenye cha kwanza, akaonja tena, akaniangalia.

"Kowsar, hizi zingine ulikausha wapi?"

"Kanisani."

"Mimi nakuuliza ukweli."

"Na mimi nakujibu ukweli. Chini ya mimbari."

Akaweka kijiko chini. Rafiki yake mmoja alikuwa amefumba macho akisema zambarau, zambarau kabisa, zile za kuokota chini ya mti. Jonah akasema watachukua magunia yote isipokuwa lile moja, kwa bei niliyowaahidi akina mama, na msimu ujao wanataka maradufu, kutoka kwa hao hao, na gari lao lenyewe litaifuata mpaka uani.

Nilimpigia Nzilani. Alipiga vigelegele mpaka nikatoa simu sikioni. Halafu Kyule akaichukua simu. Nikamweleza yote tena, kuhusu zambarau na gari la mpaka uani.

"Sawa," akasema, akakata.

Sawa gani? Sawa ya kahawa au sawa ya avokado? Huyu mtu atanizeesha.

13 Desemba, Kitui

Nimempigia Nzilani mara tatu. Simu haipatikani.

15 Desemba, Kilungu

Asubuhi Mbula amenipigia. "Mwiitu wakwa, sijui kama nikuambie. Kyule anachimba mashimo tangu jana. Hataki kuongea na mtu."

Nilivaa viatu visivyofanana. Njia nzima nilikuwa napanga hotuba ya kumwambia, na ilikuwa hotuba kali, yenye mlima na mgongo na neno "aibu" mara nne.

Nilimkuta uani, amevua shati, yuko ndani ya shimo hadi magotini. Mashimo yalikuwa mistari miwili iliyonyooka. Nzilani alikuwa upande wa pili ameshika kamba ya kupimia. Nilianza hotuba kabla hata ya salamu, nikafika kwenye "aibu" ya kwanza, ndipo nikaona kwamba wanacheka. Pia nikaona kwamba miche ya avokado haipo nyuma ya jiko. Ilikuwa kwenye mpaka wa shamba, imeshapandwa, imekuwa uzio. Kahawa ilikuwa imesimama yote.

"Mzee, sasa hii ni nini?"

Kyule akapanda kutoka shimoni, akafuta jasho kwa mkono.

"Nguzo," akasema. "Paa ya mabati juu, vitanda chini, kuta hakuna, upepo upite. Kanisa ni ya Mungu, Kowsar. Hii kahawa ya mama lazima iwe na nyumba yake."

Nikageukia upande wa shamba.

"Kwani unalia?" akauliza.

"Ni vumbi."

"Vumbi gani," akasema Kyule, akinipa koleo, "na jana kumenyesha?"